Almasi Hupimwa Usoni

Kaeni vizuri, wajukuu zangu, na mwenye mdomo uliojaa amalize kwanza kutafuna. Hadithi hii haikutokea zamani za kale, maana zamani za kale hapakuwa na mihuri. Wala haikutokea kwetu. Ilitokea katika nchi moja ambayo jina lake nimelifunga kwenye pindo la kanga, na kanga yenyewe nimeiazima kwa jirani, kwa hiyo akija mtu kuniuliza, mimi sina.

Nchi hiyo ilikuwa na almasi. Zilikuwa nyingi sana, na kila uliyemuuliza alikwambia ziko kwa mwenzake.

Kiongozi wao aliitwa Mtukufu Mng'aa Daima. Jina hilo sikumpa mimi. Alijichagulia mwenyewe akiwa peke yake chumbani, na kura zikahesabiwa humo humo. Kila alichotamka kilikuwa sheria. Popote alipokwenda alifuatwa na Mwandishi wa Neno, bwana mmoja mwembamba mwenye daftari na muhuri, kazi yake kuliandika neno la Mtukufu na kuligonga muhuri kabla halijapoa. Siku moja Mtukufu alipiga chafya mbele ya wageni. Ukiifungua katiba yao utaikuta chafya hiyo, kifungu cha kumi na nne, kipengele cha pili.

Basi ikatokea wanunuzi wa nje wamenunua kikapu kizima cha almasi za taifa, na baada ya wiki wakakirudisha kikapu na barua fupi: Tunashukuru kwa vipande vya chupa.

Mtukufu aliona aibu mchana mzima. Jioni akaunda Wizara ya Mng'aro, ili kuanzia siku hiyo almasi halisi ijulikane na ya bandia ijulikane. Waziri akateuliwa Daktari Sekiboko, ambaye alikuwa daktari wa kutunukiwa na kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mvua, mpaka ukame ulipomuumbua.

Akaitwa sonara mmoja mzee aliyeuza vito sokoni maisha yake yote. Sonara alikuwa anajua kazi. Akaketi akaandika kurasa tatu kwa mwandiko mzuri. Ukurasa wa kwanza ulisema: ukilipulizia jiwe pumzi yako, almasi halisi ukungu wake hupotea papo hapo, lakini chupa hubaki imefuka. Ukurasa wa pili ulisema: liweke jiwe juu ya gazeti, ukiweza kusoma herufi kupitia humo, hilo ni chupa. Ukurasa wa tatu ulisema: lipitishe jiwe juu ya kioo, almasi itakikata, chupa itateleza tu.

Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Lakini Waziri Sekiboko hakuwa na desturi ya kusoma zaidi ya mstari mmoja, kwa hiyo ikaundwa Kamati ya Ufupisho. Kamati ikakaa hotelini miezi kumi na moja, ikala kuku mpaka kuku wa wilaya ile wakaanza kuhama, ikatoka na mstari mmoja:

Almasi ipimwe kwa pumzi, kwa gazeti na kwa kioo.

Watu wakapiga makofi. Sonara akapewa barua ya shukrani, akaondoka zake, na kwa uzee wake akafariki, Mungu amrehemu. Zile kurasa tatu zilifungiwa maandazi kwenye kantini ya Wizara.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Pumzi ya nani? Gazeti linafanywa nini? Hakuna aliyejua, na kuuliza haikuwezekana, maana Waziri alishaapa kwa mkono juu kwamba anajua. Ikabidi wakae wafikiri wenyewe. Matokeo ya kufikiri kwao nitawapa kwa kitendawili, na nyie nitegeeni sikio: aulizwaye jiwe, ajibuye mtu.

Mmeshindwa. Ni kipimo cha Wizara ya Mng'aro.

Walielewa hivi. Kwa pumzi: mwenye jiwe abane pumzi mpaka Waziri amalize kusoma utangulizi wa kanuni. Akiweza, jiwe lake ni halisi. Kwa gazeti: mwenye jiwe awe amewahi kutoka gazetini, maana almasi haiwezi kukaa kwa mtu asiyejulikana. Na kwa kioo, hapo lugha yetu ndiyo iliyowaponza. Kioo cha dirisha ni kioo, na kioo cha kujitazamia ni kioo. Sonara alimaanisha cha dirisha. Waziri, ambaye hufunguliwa dirisha na watu lakini kujitazama hujitazama mwenyewe saa nzima kila asubuhi, alielewa kile cha pili. Kikanunuliwa kioo kirefu chenye fremu ya dhahabu, kikasimamishwa ukumbini. Mwenye jiwe anasimama mbele yake, jiwe kalishika karibu na shavu, na karani anamlinganisha na picha iliyobandikwa ukutani, imeandikwa chini yake USO WENYE ALMASI. Ulikuwa uso wa mviringo, wenye mafuta, kidevu kimekaa juu ya kidevu kingine. Haukutakiwa kuwa na alama, kovu wala mstari.

Waheshimiwa wote walifaulu. Mheshimiwa Mwinyipembe, kwa mfano, alileta kitako cha chupa ya soda, herufi za kampuni bado zinasomeka. Kubana pumzi alibaniwa na dereva wake, kwa kuwa waheshimiwa waliruhusiwa kubana kwa niaba. Gazetini alikuwemo kila siku. Kwenye kioo yeye na picha ya ukutani walikuwa kama pacha. Karani akaandika: Almasi halisi, ya kijani.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye maumivu. Sheria ilisema kila atakayeokota jiwe alipeleke kupimwa ndani ya siku tatu. Likionekana halisi, anabaki na kiwanja alicholiokota. Likionekana bandia, jiwe anarudishiwa akacheze nalo, lakini kiwanja ananyang'anywa kwa kosa la kuchafua sifa ya ardhi ya taifa, anapewa mwenye almasi halisi akitunze. Kwa njia hiyo Mheshimiwa Mwinyipembe alikuwa ameshatunza nusu ya kijiji cha Changarawe.

Nusu iliyobaki kulikuwa na mama mmoja mjane, Sikudhani binti Mfaume. Alikuwa na kiwanja kidogo chenye mihogo, nyumba ya vyumba viwili na kaburi la mama yake pembeni. Alikuwa anachimba shimo la choo, kafika kiunoni, jembe likagonga kitu. Akainama, akaokota kijiwe cha ukubwa wa punje ya harage, kimefifia kama kipande cha chumvi ya mawe. Angekitupa, lakini jirani alikuwa amechungulia, na jirani yule alikuwa na mdomo.

Sikudhani akajua hapo hapo kwamba kiwanja kinakwenda. Akavaa kanga zake mpya, akaenda mjini.

Ukumbini alimkuta karani, kijana aitwaye Fikirini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta jiwe."

"Umeliokotea wapi?"

"Chooni."

Karani akainua kalamu. "Mama, hii fomu inakwenda kwa Waziri."

"Ndiyo maana nasema kweli. Chooni."

Fikirini akafikiri, akaandika: eneo la maendeleo.

Mheshimiwa Mwinyipembe alikuwa ameketi mstari wa mbele na ramani ya Changarawe magotini, amekwishapachora mahali pa kuweka bwawa la kuogelea.

"Mama mkwe," akamwita kwa utani, "hiyo mihogo umeshaing'oa, au unaniachia?"

"Nakuachia, baba. Ila ile ni michungu, uiloweke siku tatu. Au na kula nako dereva anakula kwa niaba?"

Watu wakaficha vinywa kwa mikono.

Waziri Sekiboko akaingia, akafungua kanuni, akaanza utangulizi. Utangulizi ule ulianza na salamu kwa Mtukufu, ukaja kwa mama yake Mtukufu, ukaja kwa wajomba. Sikudhani alibana pumzi mpaka kwa mjomba wa tatu, akaachia.

"Pumzi, ameshindwa," akasema Waziri. "Gazeti."

"Gazetini nimewahi kutoka," akasema Sikudhani, akatoa kwenye kibindo kipande cha karatasi. "Siku mlipokuja kufungua zahanati. Tazama, Mheshimiwa wewe huyu, mbuzi wa zawadi huyu, na nyuma ya mbuzi pale, kiwiko."

Fikirini akaangalia kwa karibu. "Kipo kiwiko, Mheshimiwa."

"Kiwiko cha nani?"

"Changu," akasema Sikudhani. "Nimekuwa nacho miaka hamsini na nane, nakijua."

"Kiwiko hakihesabiki. Kioo."

Kioo kile kilikuwa kimewekwa juu, kwa kipimo cha waheshimiwa, na Sikudhani alikuwa mfupi. Akapanda kibao, akanyanyuka kwa vidole vya miguu, mkono mmoja kalishikilia jiwe kwenye kioo ili uso na jiwe vionekane pamoja. Kibao kikayumba. Alipokuwa anashuka bila kutaka, mkono ukashuka naye, na ukumbi mzima ukasikia sauti kama ya panya anayeburuzwa: kwriii, kutoka juu mpaka chini.

Hakuna aliyejali. Macho yalikuwa kwenye picha ya ukutani.

"Mashavu hayapo," akasoma Fikirini polepole. "Kidevu kimoja."

"Bandia," akasema Waziri. "Mwandikie cheti. Chupa, daraja la chini. Kiwanja apewe Mheshimiwa."

Fikirini akaandika cheti, na mtu aliyekuwepo, aliyenipa habari hizi, alisema kalamu ilikuwa inamgomea. Sikudhani akapokea cheti na jiwe lake. Hakulia. Aliuliza tu, "Na kaburi la mama?"

"Litatunzwa," akasema Mwinyipembe, akapiga alama ndogo kwenye ramani, karibu na bwawa.

Kabla hajafika mlangoni, tarumbeta zikalia. Siku ile ilikuwa ndiyo siku ya mwaka ambayo Mtukufu mwenyewe huja kupimwa almasi za kofia yake, thelathini na sita, ili wananchi waone hata yeye yuko chini ya sheria. Milango ikafungwa. Sikudhani akabaki ndani, kajibanza ukutani.

Pumzi Mtukufu alibaniwa na kikosi maalumu. Gazeti lilikuwa yeye ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na hali ya hewa. Akaja kwenye kioo, akatabasamu, akajitazama.

Tabasamu likamkauka. Mstari ulikuwa umepita kwenye paji la uso, ukagawa pua, ukashuka mpaka kidevu cha pili.

"Nani amenikata uso?" akauliza.

Mwandishi wa Neno akaandika, akagonga muhuri.

"Ni mwanga, Mtukufu," akasema Waziri.

Mtukufu akapitisha kucha kwenye kioo. Kucha ikanasa. "Mwanga unashika kucha?"

Waziri akamtazama Fikirini. Fikirini, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kanuni na hakufundishwa kazi nyingine, akasoma kanuni: "Uso wenye alama, kovu au mstari hauwezi kuwa na almasi. Mawe yake yote ni chupa." Alipofika mwisho wa sentensi akatambua ameisoma mbele ya nani, akakaa chini, na kiti kilikuwa hakipo.

"Ni yule mama," akasema Mwinyipembe kwa haraka. "Amekikwaruza na jiwe lake."

"Jiwe gani?"

"Chupa tu, Mtukufu," akasema Waziri. "Tumelipima kitaalamu. Ana cheti."

"Chupa imekata kioo?"

Waziri akafungua mdomo. Akisema ndiyo, ataulizwa ni chupa gani hiyo yenye meno. Akisema hapana, basi ile haikuwa chupa, na kama ile haikuwa chupa, zile za kofia ni nini? Akaufunga mdomo, akaufungua tena. Mkuu wa Usalama alikwishaanza kumsogelea Sikudhani, maana kwenye nchi ile swali likikosa jibu hutafutwa mtu.

Sikudhani akatoka ukutani. Akapiga goti kidogo, akasema:

"Mtukufu, kitendawili."

Wajukuu zangu, mtu anaweza kuvaa kofia yenye mawe thelathini na sita, lakini naye alilelewa na bibi yake, akalala kwenye mkeka wake. Neno likamtoka Mtukufu kabla hajalizuia.

"Tega."

Muhuri ukagongwa. Ikawa sheria.

"Chupa kamkata nduguye chupa, damu ikamtoka mwenye nyumba."

Mtukufu akakuna kofia. "Jibuni," akawaambia.

"Mkasi," akasema Waziri.

"Kisu cha mkate," akasema Mwinyipembe.

"Wapinzani," akasema Mkuu wa Usalama, ambaye hujibu hivyo kila kitendawili na mara nyingi hupewa.

Sikudhani akatikisa kichwa kwa kila mmoja. Mtukufu akajaribu kimoyomoyo, midomo ikacheza, akakata tamaa. "Tumeshindwa. Toa jibu."

"Jibu halitolewi bure, Mtukufu. Desturi unaijua. Nipe mji kwanza."

"Chukua Bandari Kuu."

"Nimekwenda Bandari Kuu, nimekuta kontena zinalala na watu wanakesha. Siutaki."

"Basi chukua Makao Makuu."

Waziri akashika nguzo, maana nyumba zake nne zote zilikuwa Makao Makuu, na Mwandishi alikwishainua muhuri.

"Nimekwenda Makao Makuu, nimesalimia mtaa mzima hakuna aliyeitikia. Siutaki."

"Sasa wewe mama unataka mji gani?"

"Mimi mtu mfupi, Mtukufu, mji mkubwa nitapotea. Nipe pale Changarawe, kiwanja chenye mihogo michungu na kaburi pembeni."

"Hapo tu?"

"Hapo tu. Mimi na wajukuu, na wajukuu wa wajukuu."

"Chukua," akasema Mtukufu, na muhuri ukashuka kwa kishindo. Mheshimiwa Mwinyipembe akaikunja ramani yake polepole, mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama tiketi.

"Haya, umeshapewa mji. Jibu."

Jibu la kweli lilikuwa mkononi mwa Sikudhani, linamchoma kiganja. Akilisema, jiwe litachukuliwa, Waziri ataliwa mzima, na yule kijana Fikirini, aliyekuwa bado chini sakafuni, atakwenda pamoja naye. Na Mtukufu akishajua amevaa chupa kichwani, atawaacha hai wangapi kati ya waliosikia?

Akawatazama wote, akasema: "Jibu ni kioo, Mtukufu. Kioo hiki ndicho bandia. Ni laini kama siagi, hata chupa inakichora. Uso wako hauna kitu."

Waziri akavuta pumzi ndefu kuliko zote zilizowahi kubanwa katika Wizara ile. "Ndivyo nilivyotaka kusema," akasema.

Kioo kikakamatwa pale pale. Kikafunikwa blanketi kisije kikawaonyesha watu njiani, kikapakiwa kwenye gari la polisi na askari wanne. Kikashtakiwa kwa kosa la kumwonyesha Kiongozi kitu kilichokuwepo, kikafungwa maisha. Sikudhani akarudi Changarawe na mji wake, na jiwe lake, na cheti cha serikali kinachosema ni chupa, daraja la chini. Na chupa, kwa mujibu wa sheria, ni mali ya aliyeiokota.

Mngedhani yameisha. Lakini Wizara haiwezi kukaa bila kioo. Kikaagizwa kingine, kikaja na meli, kikafika kirefu kuliko fremu kwa upana wa vidole viwili. Wakaitwa mafundi wakipunguze. Mafundi wakasema hawana visu vya kukatia vioo. Visu hivyo vina chembe ya almasi kwenye ncha, na Wizara ilishavikusanya vyote mwaka uliopita, kwa kuwa waliokuwa navyo walikuwa na nyuso za mafundi. Vilihifadhiwa wapi? Kwa Mheshimiwa Mwinyipembe. Yeye kavipeleka wapi? Amevitupa, vilikuwa having'ai.

Fikirini akakohoa. Akasema Changarawe kuna mama mmoja anakatia watu vioo vya madirisha, nchi nzima inapeleka kwake, na anakata kwa kipande cha chupa.

Gari likatumwa. Sikudhani akaja na kijiwe chake kakifunga kwenye kijiti kwa uzi. Akaomba rula. Akavuta mstari mmoja, kwriii, akagonga kwa kidole, na kile kipande cha ziada kikaachia kama ganda la ndizi. Kioo kikaingia kwenye fremu bila kusukumwa.

Waziri Sekiboko akapitisha kidole kwenye ukingo. Haukuwa na hata jino moja. Akakiomba kile kijiwe, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga, akamrudishia mwenyewe kwa heshima.

"Mnaona faida ya utaalamu?" akawaambia watumishi wake. "Chupa nzuri namna hii, ingeangukia kwa mtu asiyejua kupima, angesema ni almasi."

Fikirini akaandika.